Asilimia imeshuka, fedha hazijapungua

Mwandishi mmoja anasema asilimia ya fedha za ughaibuni, yaani zile wahamiaji wanazotuma nyumbani, katika Pato la Taifa ikishuka, basi wahamiaji wametuma kidogo. Hapana. Huo ni uwiano, na mara nyingi kinachosogea ni kigawanyo, yaani Pato la Taifa lenyewe. Nigeria ilipobadilisha mwaka wa msingi wa hesabu, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia pato, mwaka 2014, pato la 2013 lilipanda kwa takriban asilimia 89. Kwa mabadiliko kama hayo, uwiano wa asilimia 5 unakuwa 2.6 bila dola hata moja kupungua. Sarafu ya nchi ikiporomoka, kinyume chake hutokea: pato kwa dola husinyaa, uwiano unapaa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitazami. Takwimu za Benki ya Dunia hujumlisha vitu viwili: fedha zinazotumwa kati ya kaya na kaya, na mishahara ya wanaofanya kazi nje kwa muda mfupi au kuvuka mpaka. Mishahara hiyo huhesabiwa yote, pamoja na ile iliyoliwa hukohuko kwa chakula na malazi. Lesotho, yenye wafanyakazi wengi Afrika Kusini, haiwezi kusomwa vizuri bila kutenganisha mafungu haya.

Tena hawala, yaani fedha zinazopitia mawakala wasio rasmi, na bahasha za mkononi hazionekani vizuri katika takwimu, hivyo watu wakihamia kutuma kwa simu, takwimu hupanda ghafla ilhali kaya zinapokea kilekile. Kabla ya kuwalaumu walio nje, mwandishi aweke kwanza kiasi kwa dola, kisha pato, kila kimoja na safu yake.