Pembe ya baruti ya jajja, kabla hujaipaka vanishi

Kuna kitu kinaniuma wacha nikiseme. Hapa Kampala mtu akishika pembe ya zamani iliyochongwa swali la kwanza ni "hii ya Zanzibar?", la pili bei. Mwezi uliopita binamu yangu kaniletea pembe ya baruti, ile ya kubebea baruti ya gobore, ya marehemu jajja (babu) wetu toka Masaka, inafika kwangu fundi mmoja kashaipiga msasa na vanishi mpaka inang'aa. Niliumia kweli, maana kwenye pembe kama hii ushahidi mwingi uko kwenye ule uchafu.

Watu wanaangalia michoro tu. Hii imejaa viduara vyenye nukta katikati, sasa viduara hivyo utavikuta kwenye pembe za baruti za Ujerumani za karne ya 17, utavikuta Uhindi, utavikuta na kwenye mifupa ya huku kwetu. Wamarekani miaka ya 1750 walichora mpaka ramani na jina la mwenyewe, hapo unasoma tu. Yetu haina jina.

Kwanza jiulize, ni ya baruti kweli? Ya chuku, ile ya kuumikia damu, nayo ina katundu nchani ila ni fupi na mdomo mpana uko wazi. Baragumu mara nyingi linapuliziwa ubavuni. Ya baruti upande mpana unazibwa na mbao, nchani kuna tundu na kizibo, na lazima iwe na pa kufungia kamba. Yetu mbao ipo, imeshikwa na vimisumari vitano, kimoja kimetoka kikaacha katundu, na hapo ndo msasa haukufika. Nikagongagonga juu ya karatasi nyeupe zikadondoka chembe nyeusi, labda masalia ya baruti.

Halafu hiyo Zanzibar. Kweli wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844, bunduki zikaja kwa njia ya Tabora na Karagwe, ila zingine zilitokea kaskazini, upande wa Khartoum. Na hata gobore likitoka mbali pembe si lazima itoke nalo. Nchi yenye ng'ombe wa Ankole, mapembe yote yale, nani abebe pembe tupu miezi toka pwani? Mimi nasema ng'ombe ni wa huku, na mkono uliochonga pia.

Ssenga (shangazi) wetu mkubwa bado yupo na anakumbuka ilikuwa inaning'inia wapi. Jumamosi naenda Masaka na daftari.