Mkimbizi habebi vyote hivi

Juzi, kwenye daladala ya kwenda Chang'ombe hapa Dodoma, konda alimtazama mama mmoja aliyepanda na shangazi kaja mbili zilizotuna, akamwambia: "Mama, mbona kama mkimbizi?" Gari zima likacheka. Na mimi nilicheka. Mama akasukumia mzigo chini ya kiti, akajibu bila hata kumtazama: "Mwanangu, mkimbizi habebi vyote hivi."

Tumelifanya neno hilo kuwa utani wa mizigo na nguo kuukuu. Mimi mwenyewe, nilipohamia huku kikazi na godoro na jiko la gesi, niliwaambia wenzangu kwamba nimekuwa mkimbizi. Mkimbizi gani huyo anayelipwa posho ya uhamisho?

Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu wakimbizi hauulizi umebeba nini. Unauliza unaogopa nini: kuteswa kwa ajili ya asili yako, dini, utaifa, kundi lako au msimamo wako wa kisiasa, nawe uwe umeshavuka mpaka. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaongeza wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni na machafuko makubwa. Nyongeza hiyo naipenda, maana mtu anayetoka mbio usiku risasi zikilia hana namna ya kuthibitisha kwamba alilengwa yeye.

Huo utawala wa kigeni si hadithi ya mbali. Kongwa, kwenye ardhi ileile Waingereza walikoshindwa na mradi wao wa karanga, miaka ya 1960 kulikuwa na kambi ya watu wa FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na ANC ya Afrika Kusini, waliokuwa hawawezi kurudi kwao. Hao tuliwaita wapigania uhuru, na kwa heshima. Kondoa nako, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walihifadhiwa Wapolandi waliokuwa wamepelekwa Siberia kwa nguvu, wakatoka kupitia Iran hadi huku. Wazungu, wakimbizi, Kondoa! Lakini sijasikia konda hata mmoja akimtania Mzungu mwenye begi kubwa.

Halafu neno lenyewe linatudanganya. Mkimbiaji na mkimbizi wametoka kwenye kitenzi kimoja, ila mkimbizi kazi yake kubwa ni kukaa. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ilifunguliwa 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ana ndevu, pengine ana watoto, na hajawahi kukimbia popote. Akitaka kutoka nje ya kambi anaomba kibali. Warundi waliokuja 1972, wakalima kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu mpaka mashamba yakajaa, waliitwa wakimbizi kwa zaidi ya miaka 40, wao na watoto waliozaliwa hapahapa, ndipo mwaka 2014 vyeti vya uraia vikaanza kutolewa kwa zaidi ya watu 150,000. Miaka 40! Hapo nani anakimbia?

Nilimsaidia yule mama kushusha. Mfuko mmoja ulikuwa na ubuyu, mwingine mlenda mkavu na unga, anampelekea binti yake aliyejifungua. Alipokanyaga chini akamnyooshea konda kiganja.

"Haya, nipe chenji yangu. Mkimbizi nimefika."