Utando mwembamba: milimita 7 zimepewa mamlaka kupita kiasi

Mwanamke anayeandaliwa kupandikizwa kiinitete kilichotungwa maabara ametumia estradioli, homoni ya estrojeni inayonenepesha utando, siku 12, ultrasaundi ya ukeni inasoma milimita 6.3 za utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, na kwa kuwa haujafika milimita 7, mzunguko huo wa matibabu unafutwa papo hapo. Kiinitete kinarudi kusubiri kwenye friza, dozi inaongezwa, na mwezi unaofuata kipimo kinatoka 6.4. Wanaoutetea uamuzi huu wana hoja, tena si nyepesi.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha tafiti 22 za IVF (urutubishaji wa yai nje ya mwili), ulikuta kwamba wenye utando wa milimita 7 au pungufu walipata mimba kwa asilimia 23.3, na waliozidi hapo kwa asilimia 48.1. Takwimu za Kanada za mwaka 2018 zinaonyesha mteremko wenyewe. Pale kiinitete kilipopandikizwa bila kugandishwa, waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 33.7 kwa utando wa milimita 8 kwenda juu, 25.5 kwa milimita 7 hadi 7.9, 24.6 kwa 6 hadi 6.9, na 18.1 kwa 5 hadi 5.9. Kwa viinitete vilivyogandishwa, mteremko ulianza chini ya milimita 7. Ipo na nadharia ya kibiolojia: tabaka la juu likiwa jembamba, kiinitete hutua karibu mno na mishipa ya damu ya tabaka la chini, penye oksijeni nyingi kuliko inavyokifaa katika siku zile za mwanzo.

Sasa zisome tena takwimu hizo hizo, polepole. Katika ule uchambuzi wa tafiti 22, wenye utando mwembamba walikuwa asilimia 2.4 tu. Chukua wanawake 1,000: kama 24 wana utando mwembamba, na kati yao 18 hivi hawapati mimba. Waliobaki ni 976, na kwa asilimia 48.1 ya mafanikio, takriban 507 nao hawapati. Yaani katika kila watu 525 waliokosa mimba, 507 utando wao ulikuwa umevuka mstari. Ndiyo maana wachambuzi wale wale waliotoa zile asilimia walihitimisha kwamba unene peke yake karibu hauwezi kabisa kubashiri nani atashika mimba.

Na ule mteremko wa Kanada? Kutoka milimita 7 na kitu hadi 6 na kitu, tofauti haifiki hata asilimia moja: 25.5 dhidi ya 24.6. Mshuko mkubwa uko juu ya hapo, na mwingine chini ya milimita 6. Mstari tunaofutia mizunguko umechorwa mahali ambapo, kwa viinitete visivyogandishwa, ngazi karibu ni tambarare. Kisha kuna ulinganisho wenyewe. Mwanamke ambaye utando wake haujawahi kuvuka milimita 6.5 hachagui kati ya asilimia 23 na 48. Anachagua kati ya nafasi yake halisi na sifuri, kwa kuwa kiinitete kisichopandikizwa hakizai mtoto.

Kabla hata ya kubishana kuhusu namba, tuulize imepatikanaje. Kipimo sahihi huchukuliwa mfuko wa uzazi ukionekana kwa urefu wake, kwenye mstari wa katikati, sehemu nene zaidi karibu na kilele, kutoka mpaka wa msuli upande mmoja hadi mpaka wa msuli upande wa pili. Majimaji yaliyomo ndani hayahesabiwi, wala ule ukanda mweusi unaozunguka utando. Picha ikikatwa mshazari, namba huongezeka bila utando kuongezeka. Wapimaji wawili wanaweza kupishana kwa milimita nzima kwa mwanamke yuleyule siku ileile. Na utando wa milimita 6.5 wenye mistari mitatu iliyo wazi kwenye picha (dalili ya utando ulio tayari) hauna hali sawa na wa 6.5 uliokwisha kuwa mweupe wote kabla projesteroni, homoni inayotoka baada ya yai kupevuka, haijaanza. Huyu wa pili apimwe projesteroni kwenye damu, maana huenda yai limepevuka kimyakimya na ratiba nzima imepotea.

Swali linalorukwa mno ni kwa nini utando ni mwembamba. Klomifeni, dawa ya kuchochea mayai, huzuia estrojeni kwenye utando, hivyo aliyeitumia abadilishiwe dawa kabla ya kupewa jina la tatizo. Aliyesafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika au kondo kubaki anaweza kuwa na makovu yaliyogandisha kuta, hali aliyoieleza daktari Asherman mwaka 1948. Kifua kikuu cha mfuko wa uzazi huharibu tabaka la chini kabisa. Mchochota (uvimbe usio wa nyama) sugu wa utando hugunduliwa kwa kukata kinyama na kutafuta chembe za plazma, aina ya chembe za kinga, na tiba ya kawaida ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 14. Mionzi ya nyonga huumiza hadi mishipa ya damu. Kwa wenye makovu, kamera ya histeroskopi, inayoingizwa ndani ya mfuko wa uzazi, ndiyo tiba: makovu hukatwa kwa mkasi, maana moto wa umeme unaweza kuunguza kidogo kilichobaki, kisha puto au jeli huwekwa kuzuia kuta zisishikane tena. Tabaka la chini likiwa limekufa, estradioli haina cha kuotesha, hata ukiimimina.

Kuhusu estradioli yenyewe, kawaida ni miligramu 2 mara tatu kwa siku kwa kumeza. Ikishindwa, kubadili njia kuna mantiki kuliko kuongeza vidonge: inayomezwa hupita kwanza kwenye ini, ilhali ya ukeni au ya bandiko la ngozi hukwepa safari hiyo. Muda nao ni dawa. Wiki tatu hadi nne zinaruhusiwa, ila damu inaweza kuanza kutoka katikati, na aliyewahi kuganda damu asipewe bila tahadhari. Kwa anayepevusha yai mwenyewe, mzunguko wa asili ni chaguo linalosahaulika. Huenda utando ukaitikia vizuri zaidi, na mwili ukiwa na kifuko cha projesteroni kilichoachwa na yai, hatari ya presha ya mimba huwa ndogo kuliko kwenye mizunguko ya homoni pekee.

Hapo ndipo orodha ya nyongeza hufunguliwa: sildenafili ya ukeni miligramu 25 mara nne kwa siku (marufuku kwa anayetumia dawa za moyo za naitreti), pentoksifilini (dawa ya kurahisisha mtiririko wa damu) miligramu 800 na vitamini E yuniti 1,000 kwa miezi kadhaa, aspirini, G-CSF (protini inayochochea chembe nyeupe za damu) mikrogramu 300 ndani ya mfuko wa uzazi, na plazma yenye chembe sahani nyingi kutoka damu ya mwanamke mwenyewe. Baadhi huongeza milimita moja. Milimita si mtoto, na ushahidi wa watoto waliozaliwa bado ni dhaifu. Hiyo plazma hata haina namna moja ya kuiandaa. Kila maabara huizungusha kivyake.

Kuahirisha kunafaa pale viinitete vinapoweza kugandishwa salama na mwanamke hajawahi kuchunguzwa chanzo, pale utando usipofika milimita 5, au pale kiinitete ni kimoja tu na njia ya pili ya estrojeni haijajaribiwa. Lakini kama makovu yameondolewa, maambukizi yametibiwa, mizunguko miwili au mitatu ya namna tofauti imetoa 6 na kitu, na mistari mitatu inaonekana, basi hicho ndicho kiwango cha mwili wake: kipandikizwe kiinitete kimoja kilicho bora. Mimba ikishika, kliniki ya wajawazito iambiwe, kwa sababu tafiti kadhaa zimehusisha utando mwembamba na watoto wenye uzito mdogo, na ukuaji unastahili kupimwa kwa ultrasaundi mara nyingi zaidi katika miezi mitatu ya mwisho.