Chakula cha mzazi kipikwe mapema, na apike baba

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Baba anapewa siku nne. Mama akizaa kwa upasuaji, siku hizo nne zinaweza kwisha yeye akiwa bado wodini. Kwa hiyo naona kwamba mume anayetaka kufaa jikoni hana budi kuifanya kazi hiyo kabla mtoto hajazaliwa, katika zile wiki za mwisho ambapo miguu ya mkewe imevimba na kusimama mbele ya sigiri kumekuwa adhabu.

Najua nitakavyojibiwa: mama mkwe atakuja. Naam, na aje, tena apokewe kwa heshima. Lakini tumezoea kumgeuza mpishi wa nyumba nzima, pamoja na wageni wanaomiminika kumwona mtoto, ilhali kilichomtoa kwake ni kumwogesha mjukuu kwa ekyogero, yaani maji ya mitishamba, kumkanda mwanawe na kumwonyesha namna ya kumweka mtoto kwenye titi. Maharagwe makavu yanaweza kukaa motoni saa mbili na zaidi, na kuyangoja hakuhitaji hekima ya bibi; kunamtaka mtu yeyote mwenye subira na makaa ya kutosha.

Mimi hufuata kanuni moja tu: kinachochukua muda mrefu kuiva ndicho kinachokwenda kwenye friza, na kinachoiva upesi kipikwe siku hiyo hiyo. Maharagwe yanatangulia. Huyaloweka usiku kucha, nikamwaga maji yake, nikayachemsha hadi yapondeke kwa vidole, ndipo nikayaunga kwa vitunguu na nyanya. Sufuria huwekwa ndani ya beseni la maji baridi ili chakula kipoe haraka, kwa sababu hakifai kukaa mezani zaidi ya saa mbili kabla ya kuhifadhiwa. Kisha nayapakia katika makopo madogo ya plastiki yenye vifuniko, kila kopo mlo mmoja, nikiacha nafasi ya kidole kimoja juu, maana mchuzi ukiganda huvimba na kukiinua kifuniko. Juu ya kopo hubandikwa utepe wenye jina la chakula na tarehe. Utepe huo usidharauliwe: baada ya wiki mbili, maharagwe na nyama ya kusaga yaliyoganda hayana tofauti machoni pa mtu aliyekesha.

Mchuzi wa karanga nao huganda vizuri, ingawa ukiyeyuka huachana, mafuta juu na maji chini, hata mtu akadhani umeharibika. Hauna neno. Urudishwe kwenye moto mdogo, uongezwe maji kidogo na kukorogwa kwa mwiko taratibu, utashikana tena. Nyama ya ng'ombe na kuku wa kienyeji vyote vinafaa, kwani ni vyakula vya saa nyingi. Matoke yaliyopikwa, kwa maoni yangu, yasiguse friza kabisa. Yakiyeyuka hutoa maji na kupoteza ule ulaini wake, na hakuna Mganda atakayekusamehe. Posho, yaani ugali, ni kazi ya dakika chache, kwa hiyo haina sababu ya kugandishwa.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni umeme. Unakatika, na Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, huisha usiku wakati hakuna anayekumbuka kununua yuniti. Hata hivyo, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa takriban saa 24. Ndiyo maana nafasi tupu hujazwa chupa za maji, ambazo zikishaganda huwa barafu ya akiba. Umeme ukirudi, kopo ambalo bado lina barafu ndani linaweza kugandishwa tena, lakini lililokaa na joto kwa zaidi ya saa mbili litupwe, hata kama roho inauma kwa bei ya nyama ya siku hizi. Chochote kitakachotolewa kichemshwe hadi kitokote kabla ya kuliwa.

Wasio na friza, nao ndio wengi, wasione kwamba maneno haya hayawahusu. Baba anaweza kuchagua mawe kwenye maharagwe, kukaanga na kutwanga karanga, kusafisha mukene, yaani dagaa, waliokaushwa na kusaga ulezi wa uji, vyote vikawekwa kwenye mikebe iliyofungwa vizuri. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku, na njaa yake haisubiri mtu aende soko la Kalerwe kununua vitunguu.

Na zile siku nne? Zikifika, baba apashe tu kopo moja mchana na jingine jioni, asonge posho, afue nepi, afuatilie usajili wa mtoto kwa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, na wageni wakibisha hodi, awapokee sebuleni yeye mwenyewe ili mkewe aendelee kulala.