Waridi Lisilonukia

Jamani, ua lisilonukia nalo ni waridi? Kila ifikapo tarehe 14 Februari bei hupaa, nawe unakabidhiwa ua moja lililofungwa nailoni, miiba imekwanguliwa, na ukilisogeza puani husikii harufu yoyote isipokuwa ya hiyo nailoni! Mashamba ya Naivasha hukuza aina zinazostahimili safari ya ndege hadi Uholanzi na kukaa siku nyingi chomboni bila kunyauka, na harufu ndiyo iliyotolewa kafara. Na marashi je? Kule Jabal Akhdar, Oman, mawaridi huchumwa asubuhi na mapema, yakapikwa hadi mvuke wake utone. Sisi madukani tunauziwa maji yaliyotiwa manukato ya kiwandani, ndiyo tuyatie kwenye mrashi tuwanyunyizie wageni wa maulidi? Wametukosea nini wageni wetu?