Kujaza risasi si kazi ya fleti

Kila tukimaliza kulenga shabaha na kuanza kuokota maganda, hakosi mtu wa kulipimapima moja kiganjani na kuuliza kwa nini tuyatupe. Ana hoja. Risasi ya bunduki ina vipande vinne tu: ganda la shaba ya manjano, fataki kwenye kitako chake, yaani kikombe kidogo kinachowasha baruti kikigongwa, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ukishafyatua, fataki imekwisha, baruti imeungua, kichwa kimekwenda zake. Ganda, ambalo kwa kawaida ndilo ghali kuliko vyote, limebaki. Huko Marekani mtu wa kawaida hulibeba hadi gerejini kwake, akalirudishia umbo kwa mashine ya mkono, akatia fataki mpya, akapima baruti na kushindilia kichwa kingine. Vifaa vya kuanzia huvikuta dukani, na kuvinunua ni kama kununua cherehani.

Kwetu Kenya wazo hilo hukutana na sheria mapema. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti chako cha bunduki hutaja hata idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Baruti nayo ina sheria yake ya Vilipuzi, Sura ya 115. Wengi wetu hukomea hapo na kunung'unika kwamba serikali inamwona kila mwenye bunduki kuwa jambazi. Mimi naliunga mkono katazo hilo, ila sababu yangu haihusiani na majambazi.

Kazi hii inataka jambo ambalo nyumba ya Nairobi haina: saa nzima bila mtu kukuita. Fikiria unapanga maganda hamsini mezani na kuyatilia baruti moja baada ya jingine. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni takriban miligramu 65. Umefika la ishirini na tatu, mlango unabishwa: keateka anataka pesa za taka. Unarudi. Je, hilo la ishirini na tatu ulishalijaza? Ukilijaza mara mbili, unaweza kupasua bunduki karibu kabisa na shavu lako. Risasi ya .308 Winchester, aina moja ya risasi za bunduki ndefu, iliyotengenezwa sawasawa tayari hufikia shinikizo la hadi pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, zaidi ya mara 4,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Ndiyo maana wakongwe humshauri anayeanza achague baruti inayojaza ganda zaidi ya nusu. Akikosea na kutia mara mbili, itamwagika mezani aione. Baruti kali inayotumika kidogo kidogo haikupi onyo hilo.

Na hata asipokuja keateka, stima itapotea. Mizani za kidijitali hupenda umeme uliotulia, nasi tunajua wetu. Wapo wajuzi ambao hawajaiacha mizani ya kizamani ya mhimili, isiyohitaji soketi, nami nawaelewa.

Kuna pia kuhifadhi. Viwango vya zimamoto vya Marekani vinaruhusu nyumbani hadi pauni 20 za baruti, karibu kilo tisa, katika makopo yake ya asili, pamoja na fataki 10,000. Huenda hilo likapita katika nyumba iliyosimama peke yake uwanjani. Mimi naishi ghorofa ya nne, ngazi ni moja, na geti la chini hufungwa kwa kufuli usiku. Jirani wa ghorofa ya tano hakuulizwa kama anataka kulala juu ya fataki zangu. Tena mabaki ya fataki zilizolipuliwa yana madini ya risasi (lead), sumu inayomdhuru mtoto zaidi, na meza ya kufanyia kazi hii katika nyumba zetu ndiyo hiyo hiyo ya chakula cha jioni.

Hoja ya kuokoa pesa siipi uzito mkubwa. Wanaofanya kazi hii kwa miaka hukiri wakicheka kwamba hawakuokoa chochote, walipiga risasi nyingi zaidi tu. Na shaba haidumu milele: kila ikitumika hukakamaa, shingo ya ganda hupasuka, au ukuta wake huwa mwembamba karibu na kitako hadi kukatika ndani ya bunduki. Kinachomfaa mjazaji kweli ni usahihi. Bunduki mbili za aina moja hazipendi risasi moja, na mwenye subira ataitafutia yake ile inayoikubali, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati, akiandika kila kitu. Hilo ndilo ninalowaonea wivu Wamarekani, gereji wabaki nazo.

Kwa hiyo badala ya kunung'unikia fleti zetu, vilabu vya kulenga shabaha viombe leseni ya meza moja, pale pale uwanjani. Chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani, simu zibaki nje, kopo moja tu la baruti mezani ili mbili zisichanganywe, na kila ganda lililojazwa limulikwe kwa tochi kabla ya kutiwa kichwa. Daftari liwe la klabu. Sijui kama Bodi ya Leseni za Silaha itakubali, lakini ombi la meza inayokaguliwa lina miguu kuliko ombi la kila mtu na jikoni kwake.

Na anayeanza asiguse baruti msimu wake wa kwanza. Asafishe maganda, ayapime urefu kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, ayatenge yaliyochoka, aandike. Atakayechoshwa na hayo, duka la risasi halijafungwa.