Kontra kwanza, RCCM baadaye

Kijana wa Lubumbashi anayejua kuandika programu akianza kutafuta wateja, wakubwa wake humwambia: toa RCCM, yaani jiandikishe kwenye rejista ya biashara. Anaenda Guichet Unique, ofisi ya Leta ya kufungulia biashara, anapata karatasi zake na namba ya kodi, anaona amejikinga. Kwa Leta, yaani serikali, sawa. Kwa mteja, bado.

Wengi hufungua établissement kwa sababu ni nyepesi. Lakini établissement ni wewe mwenyewe mwenye jina la biashara. Deni lake litafuata gari lako na kiwanja chako. SARL, sosiete yenye dhamana ya kikomo, ni mtu mwingine mbele ya sheria. Mwenye hisa hupoteza kile alichoweka tu. Tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, mtu mmoja anaweza kuifungua peke yake, na hapa kwetu mtaji mnaupanga wenyewe. Kwa hiyo hoja ya "sina franga za sosiete" mimi siielewi sana. Ila meneja akiiwekea benki sahihi ya dhamana kwa jina lake, kinga hiyo ameitoboa mwenyewe.

Na hata SARL haitakusaidia kitu kama hakuna kontra, yaani mkataba ulioandikwa. Tuseme umeweka programu ya stoki katika depo ya dawa, komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Umeme unakatika, data zinapotea, mwenye depo anadai hasara ya mauzo. Nani alipaswa kutunza nakala? Kwenye WhatsApp mlijadili bei tu. Sheria yetu ya mikataba, ya mwaka 1888, kifungu cha 33, inasema mapatano halali ni sheria kwa waliopatana. Sasa mapatano yenu yakiwa bei na picha ya dole gumba, jaji atasoma nini?

Andika basi kazi inaishia wapi, nakala anatunza nani, mteja anapokea kazi kwa karatasi gani, na kodi ya programu (namaanisha code, maandishi yake, si kodi ya Leta) inakuwa ya nani mteja akishamaliza kulipa. Zaidi ya yote andika kikomo: ukikosea, hutalipa zaidi ya ulicholipwa. Kikomo hicho hakifuniki hila. Kama ni kliniki au shule, ongeza ukurasa juu ya data za watu, maana Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali ya 2023, inazilinda.

Kwenye migodi mambo ni mazito zaidi. Sheria ya 2017 juu ya sous-traitance, kazi ambazo kampuni kubwa huzikabidhi kwa nyingine, imeziwekea kazi hizo sosiete zenye mtaji ulio mikononi mwa Wakongomani kwa sehemu kubwa, na vijana wetu wanaingia. Lakini kule kontra inaletwa na mteja, nene, hasara yote juu yako. Mlipe avoka, yaani wakili, aisome kabla ya sahihi. Naambiwa ukiomba kikomo utapoteza soko, yaani kazi hiyo. Wengine watalipoteza kweli. Mimi ningeliacha: mteja anayekataa kikomo chochote ameshaamua nani atalipa.